Shajara ya mradi: kuistaafisha SOFIA, ndege iliyoruka na mlango wazi

Chombo: Boeing 747SP, namba ya kiwandani 21441, usajili wa mwisho N747NA. Ilitoka kiwandani mwaka 1977 na kwenda shirika la ndege la Pan Am, ambako Mei mwaka huohuo ilipewa jina la Clipper Lindbergh, miaka 50 baada ya Charles Lindbergh kuvuka Atlantiki peke yake. Mwaka 1986 ikahamia United Airlines, na mwaka 1997 ikanunuliwa na NASA, shirika la anga la Marekani, ili ibebe darubini ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ikaitwa SOFIA. Kituo chake kilikuwa Palmdale, California. Shajara hii inafuata tarehe za mradi, na inasimama kila palipo na jambo la kifundi lisilofaa kupitwa haraka.

28 Aprili 2022

NASA na DLR, shirika la anga la Ujerumani, wametangaza kwamba SOFIA itaacha kazi ifikapo 30 Septemba 2022. Tangazo halikutaja ufa wowote katika kiunzi wala injini iliyochoka. Kilichotajwa ni ripoti ya wanaastronomia wa Marekani iliyotoka Novemba 2021, ile inayoandikwa kila baada ya miaka kumi kupanga vipaumbele vya taaluma nzima. Ripoti hiyo ilipima matokeo ya kisayansi dhidi ya gharama, ikaona hayalingani, ikapendekeza ndege isimamishwe.

Upande wa NASA peke yake hutoa dola milioni 85 hivi kwa mwaka. Kati ya darubini zake zinazofanya kazi muda mrefu, ni Hubble tu inayozidi hapo kwa gharama za uendeshaji. Mgawanyo na Ujerumani ni asilimia 80 kwa 20, na saa za utafiti hugawanywa kwa uwiano uleule.

Hii si mara ya kwanza kwa mradi huu kuchungulia kaburi. Mwaka 2006 bajeti yake ilifutwa kabisa kabla ndege haijaruka hata mara moja na darubini ndani, ikarudishwa baada ya miezi michache. Mwaka 2014 ikapendekezwa tena iegeshwe, na katika miaka miwili iliyopita mapendekezo kama hayo yalipelekwa kwenye Bunge la Marekani mfululizo, Bunge likayakataa. Tofauti ya safari hii ni kwamba wito umetoka kwa wanaastronomia wenyewe. Mradi unaoweza kujitetea mbele ya wahasibu hubaki hauna mtetezi pale watumiaji wake wanapotaka fedha zielekezwe kwingine. Tunaona uamuzi huo unaeleweka kihesabu, na tunaona pia kwamba kuna masafa ya mwanga yatakayobaki bila macho. Tutalirudia jambo hilo chini.

Mei 2022: kinachostaafishwa ni nini hasa

Kuifunga ndege hii si sawa na kuegesha 747 ya abiria, na sababu ni tundu lake. Nyuma ya bawa la kushoto, kabla ya mkia, ganda limekatwa nafasi ya mita 5.5 kwa 4.1. Ndani mmekaa darubini ya tani 17, kioo chake kikuu kikiwa na kipenyo cha mita 2.7, ambapo mita 2.5 ndizo zinazotumika. Kioo ni cha Zerodur kutoka Mainz, maada ambayo haitanuki wala kusinyaa kwa kiasi cha kusumbua joto linapobadilika, na mgongo wake umechongwa vijumba kama sega la nyuki ili kupunguza uzito. Kilisuguliwa Ufaransa, darubini ikaunganishwa Ujerumani, na ndege ikakatwa na kujengwa upya Waco, Texas.

Mpangilio wake ni kama mzega. Upande mmoja wa mti kuna kioo, ndani ya chumba kilicho wazi kwa hewa ya nje, nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Upande wa pili kuna kipimio, yaani kamera au spektromita (kifaa cha kuuchambua mwanga kwa urefu wa mawimbi yake), kikiwa ndani ya kabati lenye hewa ya kupumua, fundi akikifikia kwa mkono. Kati yao kuna ukuta mpya wa shinikizo uliojengwa mbele ya chumba cha darubini, na katikati ya ukuta huo limekaa tufe la chuma la kipenyo cha mita 1.2 linaloelea juu ya utando mwembamba wa mafuta yenye shinikizo. Ndege inayumba, tufe linateleza, darubini inabaki imeikazia nyota. Vizuizi vya hewa iliyobanwa hupokea mtetemo wa kiunzi, jairoskopu za nyuzi za mwanga huhisi mzunguko mdogo usioonekana kwa jicho, na mota husahihisha papo hapo.

Kwa nini upepo wa kasi ya kilomita 800 na zaidi kwa saa hauivunji darubini? Puliza mdomo wa chupa tupu ya soda, utasikia inavuma. Hewa ikipita juu ya tundu hufanya hivyohivyo, na tundu la ukubwa huu likianza kuvuma kwa sauti yake ya asili, nguvu zake zinatosha kuchosha chuma. Dawa yake iko kwenye ukingo wa nyuma wa tundu. Pale ukingo ulichongwa mteremko unaolipokea tabaka la hewa linalovuka mdomo, na kulipeleka nje badala ya kuliacha ligonge na kurudi ndani. Umbo hilo lilipatikana kwa modeli ya asilimia 7 ya ukubwa halisi iliyowekwa kwenye handaki la upepo katika kituo cha NASA cha Ames, California. Mlango nao hufuata darubini inapopanda na kushuka, ili tundu lisiwe kubwa kuliko mahitaji ya wakati huo. Ulifunguliwa wote angani kwa mara ya kwanza 18 Desemba 2009, kwa dakika mbili tu. Hakukuwa na mvumo wa kutisha.

Hapo ndipo ulipo ujuzi unaostaafu. Ndege za 747SP zilijengwa 45. Iliyofunguliwa ubavu na kuruka hivyo usiku baada ya usiku ni hii moja.

Mei 2022, nyongeza: mvuke wa maji, na kwa nini kituo hakikuwa Nairobi

Mwanga wa infraredi ya mbali, wenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 30 hadi 300, hunyonywa na mvuke wa maji kabla haujafika ardhini. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hakitoshi. SOFIA hufanya kazi kati ya futi 38,000 na 45,000, yaani kilomita 11.6 hadi 13.7, ambako zaidi ya asilimia 99 ya mvuke wote umebaki chini.

Wapo wanaouliza kwa nini ndege kama hii isipangwe kwenye ikweta, ambako anga ya kaskazini na ya kusini zote zinaonekana. Jibu liko kwenye dari ya hali ya hewa. Juu ya Afrika Mashariki mpaka kati ya tabaka la mawingu na stratosfia uko kilomita 16 au 17 juu. Ndege ikiwa kilomita 13 bado imo ndani ya tabaka lenye unyevu. Kadiri unavyoiacha ikweta mpaka huo hushuka, na wakati wa baridi hushuka zaidi. Ndiyo maana kila kipindi cha Juni hadi Agosti ndege ilipendelea Christchurch, New Zealand: hewa iliyo juu yake huko ni kavu, usiku ni mrefu, na kitovu cha galaksi yetu hupanda juu.

18 Julai 2022

Dhoruba Christchurch. Upepo mkali umezisogeza ngazi za kupandia zilizokuwa zimeegeshwa kando ya ndege, zikaigonga sehemu ya mbele. Ndege imeumia, ngazi zimeumia, hakuna mtu aliyeumia.

Asiyezoea ndege ataona ni mbonyeo tu. Sehemu ya mbele ya 747 ni chombo cha shinikizo: ndani kuna hewa ya kutosha kupumua, nje kuna hewa nyembamba ya futi 41,000, na kila safari ganda hujazwa na kupunguzwa kama kibofu. Mbonyeo wowote kwenye ganda hilo hupimwa kina na upana, kisha uwiano wake hulinganishwa na mipaka ya kitabu cha matengenezo. Eneo karibu na fremu ya mlango lina mipaka mikali zaidi, kwa sababu tundu la mlango ni sehemu ambayo mkazo wa ganda hujikusanya. Rangi hutolewa, kisha hutafutwa nyufa kwa kifaa cha mikondo ya umeme, kwa kuwa ufa ulioanzia kwenye shimo la ribiti chini ya karatasi ya juu hauonekani hata kwa lenzi. Baada ya hapo fundi huamua kama ni kunyoosha, kukata na kubandika kiraka cha karatasi mbili, au kubadilisha paneli nzima. Kwa ndege ambayo ndugu zake wanaoruka wanahesabika kwa vidole, paneli haipatikani dukani. Huchongwa.

Agosti 2022

Kampeni ya New Zealand imefungwa mapema. Muda wa ukarabati ungekula siku zilizobaki, na msimu wa baridi haungoji fundi. Ndege imerudi Palmdale kumalizia kazi yake hadi mwisho wa Septemba.

Hasara hii ni nzito kuliko inavyosomeka. Katika mwaka wa kawaida, shabaha iliyokosekana Julai hupangwa tena Julai inayofuata. Safari hii hakuna inayofuata. Shabaha za kusini kabisa, kama Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu, hazionekani kutoka California kwa mwinuko unaofaa, kwa sababu darubini hii haiwezi kushuka chini ya nyuzi 20 juu ya upeo wala kupanda juu ya nyuzi 60. Kilichobaki ni kuchagua kwenye anga ya kaskazini.

Ugumu wa kupanga safari hizi unastahili kuandikwa, maana nao unakwenda kupotea. Darubini inatazama kushoto tu. Kwa hiyo nyota ndiyo inayoongoza usukani: ukitaka kutazama kusini, ndege lazima ielekee magharibi, ukitaka mashariki, ielekee kusini. Shabaha moja yaweza kuhitaji dakika chache au saa nne, na muda wote huo njia ya ndege inapinda kidogo kidogo kwa sababu nyota inahama. Mpangaji hukusanya vipande hivyo hadi vifunge duara: baada ya saa kumi hivi ndege iwe imerudi pale ilipoondokea, bila kuingia anga iliyofungwa, ikiwa na akiba ya mafuta. Kipande cha kwanza huruka chini, futi 38,000, kwa kuwa matangi yamejaa. Mafuta yakipungua ndege inakuwa nyepesi na kupanda, futi 41,000, kisha 43,000. Hivyo shabaha inayosumbuliwa zaidi na mvuke wa maji huwekwa mwishoni mwa usiku. Ndege ikichelewa kuondoka hata kwa dakika chache, pembe zote za usiku huo zimeshahama, na mpango hupigwa upya.

Kuna na kero ndogo ambayo waendeshaji wa darubini wanaijua vizuri. Tufe lina uhuru wa nyuzi tatu tu kila upande kuzunguka mstari wa kutazamia. Anga huzunguka taratibu mbele ya kamera, darubini inaifuata hadi ifike ukomo, kisha kazi husimamishwa, darubini hurudishwa nyuma, nyota ya kuongozea hutafutwa tena, ndipo kazi huendelea. Anayesoma data za SOFIA na kuona mapengo mafupi yanayojirudia asidhani ni hitilafu. Ni marudio hayo.

28–29 Septemba 2022

Safari ya 921, ya mwisho kwa sayansi. Imeondoka Palmdale jioni, imetua alfajiri.

Kushuka ndiko kunakohitaji uangalifu kuliko kupaa, na usiku wa mwisho haukuwa na njia ya mkato. Kioo kimekaa saa nyingi kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndege ikishuka na mlango wazi, hewa yenye unyevu ya chini itakutana na kioo cha baridi na kuacha umande, kisha barafu, juu ya tabaka jembamba la alumini lililopakwa kwenye kioo. Maji hubeba vumbi na chumvi, na alumini hutoboka vitundu. Kwa hiyo mlango hufungwa kungali juu, kisha chumba hulishwa hewa kavu ili shinikizo lake lizidi kidogo lile la nje na unyevu usipate pa kupenya. Baada ya kutua chumba hakifunguliwi. Kioo cha ukubwa huo hupata joto polepole, na mkono wenye haraka ndio unaokiharibu.

Mlango ukigoma kufungwa je? Swali hilo liliulizwa tangu mwanzo wa usanifu, na ndege ilijengwa kwa sharti kwamba iweze kutua salama hata ukiwa wazi. Kingepotea kioo, watu wangefika.

Orodha fupi ya kilichopatikana, kwa waliojiunga karibuni. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba kipimio cha GREAT kimeona molekuli ya hidridi ya heliamu ndani ya nebula (wingu la gesi) NGC 7027, kwenye mikromita 149.1. Wanafizikia huamini hiyo ndiyo molekuli ya kwanza kuundwa ulimwenguni, na kwa miongo kadhaa ilitafutwa angani bila kuonekana. Tarehe 26 Oktoba 2020 ikaja habari ya maji kwenye uso wa Mwezi unaopigwa na jua, kreta ya Clavius, kiasi cha sehemu 100 hadi 412 katika milioni. Sahara ina maji mara 100 zaidi ya hapo, na bado ugunduzi ulikuwa mkubwa kwa sababu wengi waliamini jua lingekuwa limeyafukuza yote. Tarehe 29 Juni 2015 ndege ilijipanga ndani ya kivuli cha Pluto karibu na New Zealand na kupima anga yake nyota ilipojificha nyuma yake, majuma mawili kabla chombo cha New Horizons hakijafika huko. Kazi ya mwisho hiyo ndege peke yake ndiyo huiweza: kivuli kinakimbia juu ya bahari, na darubini inakifuata.

Mtangulizi wake alifanya kazi ya aina hiyo hiyo juu ya Bahari ya Hindi. Tarehe 10 Machi 1977 ndege ya Kuiper, C-141 yenye darubini ya sentimita 91.5, ilikuwa ikimsubiri Uranus aifunike nyota. Nyota ikapepesa mara kadhaa kabla ya kufunikwa na mara kadhaa baada yake. Hivyo ndivyo pete za Uranus zilivyojulikana. Kuiper nayo ilisimamishwa, mwaka 1995, ili fedha zake zijenge SOFIA. Ikapita miaka 15 kabla mrithi hajapata mwanga wake wa kwanza, yaani kuitazama anga akiwa angani kwa mara ya kwanza, Mei 2010.

Oktoba na Novemba 2022: kufunga vyombo

Rubani akishazima injini, kazi ya hatari kiasi hubaki kwa mafundi wa baridi kali. Tunaandika utaratibu wa kawaida wa kupasha moto kipimio cha aina hii, maana ndipo makosa hutokea watu wakidhani kazi imekwisha.

Vipimio vya SOFIA hukaa ndani ya thamosi kubwa zenye ombwe, zikipozwa kwa nitrojeni na heliamu za kimiminika. Lita moja ya heliamu kimiminika ikichemka huwa lita 700 na zaidi za gesi. Kwa hiyo shingo ya chombo haizibwi kamwe. Huachwa ipumue kupitia vali ya njia moja. Kosa linaloua ni kuiacha shingo wazi kabisa kwa hewa ya chumba. Hewa huingia, unyevu na nitrojeni yake huganda kwenye shingo, na kizibo cha barafu hujijenga kimya. Chini yake heliamu inaendelea kuchemka bila pa kutokea. Dalili ni mtiririko wa gesi unaopungua wakati kiwango cha kimiminika bado kiko juu. Ukiona hivyo, usigonge wala kuchokonoa ukiwa umeinama juu ya shingo. Watu huondoka, na kizibo huyeyushwa kwa bomba la shaba au gesi ya heliamu yenye joto la kawaida. Vali ya usalama ya pili, iliyo upande mwingine wa chombo, ndiyo inayookoa siku, na huchunguzwa kabla ya kuanza.

Chumba chenyewe kiwe na kipima oksijeni. Heliamu na nitrojeni havina harufu, na mtu huzimia kabla hajahisi lolote.

Kimiminika kikiisha, chombo huachwa kipate joto chenyewe kwa siku kadhaa. Ombwe halivunjwi kabla ndani hakujafika joto la chumba, na likivunjwa hujazwa nitrojeni kavu, si hewa. Ukiharakisha, unyevu wote wa chumba utakwenda kujipaka kwenye vitambuzi na vichujio. Mwisho hufungwa vifuniko, hutiwa vifuko vya kukausha unyevu, na huandikwa kila kiunganishi kilikotolewa. Hili la mwisho huonekana dogo. Kipimio kinaweza kukaa miaka kumi kikisubiri darubini nyingine au puto la stratosfia, na aliyekitoa huenda hatakuwepo wa kuulizwa.

Kuna kazi nyingine kwenye mizani. Kipimio kimoja chaweza kufika kilo 600, nacho hukaa upande mmoja wa mzega. Ukikitoa bila kufunga uzito wa kufidia, darubini hukosa ulinganifu na tufe halipaswi kuwekwa juu ya mafuta. Darubini hufungwa kwa pini zake kwanza, ndipo kipimio hushuka.

13 Desemba 2022

Safari ya mwisho kabisa: Palmdale hadi Tucson, Arizona. Makazi mapya ni jumba la makumbusho ya ndege, Pima Air & Space Museum, jirani na kambi ya jeshi la anga ya Davis-Monthan.

Mahali pamechaguliwa vizuri. Tucson hupata takriban milimita 300 za mvua kwa mwaka, na hakuna chumvi ya bahari hewani. Ndege ya alumini iliyoachwa nje Mombasa au Dar es Salaam huanza kutoa unga mweupe kwenye viungo ndani ya misimu michache, hasa pale ribiti za chuma zinapogusana na alumini. Jangwani adui ni mwingine: jua. Mpira wa matairi hupasuka, mihuri ya milango hukakamaa, madirisha ya akriliki huota nyufa za nywele, na rangi hugeuka chaki.

Kwa 747 yoyote ya umri huu inayogeuzwa kuwa ya maonyesho, mambo yafuatayo hayaachwi. Mafuta hutolewa hadi tone la mwisho linalofikika, na matangi hupewa hewa, kwa sababu tangi lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na maji yakibaki chini huotesha ukungu unaokula alumini. Hidroliki ya ndege hizi inachubua ngozi na rangi, hivyo hutolewa na mistari hufungwa vifuniko. Betri hutoka. Chupa za oksijeni na za kuzimia moto hutoka. Vilipushi vidogo vya kufungulia mitelezo ya dharura hutolewa na mtu mwenye kibali, kwa kuwa mtelezo ukifunguka ndani ya ndege mbele ya wageni unaweza kuvunja mbavu. Kwenye 747 za miaka hiyo hukaguliwa pia vizito vya mizani vya mkiani: baadhi vilitengenezwa kwa urani hafifu, navyo visisafishwe wala kukatwa na mtu asiyejua. Midomo ya injini, mirija ya kupimia kasi na kila tundu huzibwa, maana ndege wa angani na nyuki hawachelewi. Matairi hayaachiwi mzigo. Ekseli hukalishwa juu ya viegemeo.

SOFIA inaongeza swali lake: tundu. Mlango wake ulibuniwa uzuie hewa ya mwendo, haukubuniwa kuzuia vumbi la miaka 30. Vumbi la jangwani lina mchanga, na kioo cha darubini hakifutwi kwa kitambaa. Kilipokuwa kazini kilisafishwa kwa kupuliziwa theluji ya kaboni dioksidi, ambayo hung'oa chembe bila kusugua. Anayetunza ndege hii na asiupe mlango huo kipaumbele cha chini.

2023: data

Tunaliweka mwisho kwa tarehe, ila kwa umuhimu lilipaswa kuwa la kwanza. Mwaka baada ya kutua umetumika kuchakata upya data na kuzihamishia kwenye hifadhi ya data ya IRSA huko Caltech, Taasisi ya Teknolojia ya California, ambako mtu yeyote anaweza kuzishusha bila malipo. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret mwenye intaneti ana haki sawa na wa Stuttgart.

Atakayezitumia azingatie jambo moja. Data za ndege si kama za setilaiti. Kila faili imebeba mwinuko, pembe ya darubini na makadirio ya mvuke wa maji wa dakika ile, na usahihi wa mwanga uliopimwa unategemea marekebisho hayo. Linganisha vipande viwili vya shabaha moja vilivyochukuliwa futi 38,000 na futi 43,000 kabla hujaamini tofauti yao. Kasoro nyingine ya kuangalia ni kivuli maradufu kwenye picha. Kioo cha pili cha darubini, cha silikoni kabaidi, kilitikiswa mara kadhaa kwa sekunde kati ya shabaha na anga tupu ya pembeni, ili joto la anga na la darubini yenyewe litolewe kwa hesabu. Kama "anga tupu" ilikuwa na wingu la gesi, basi wingu hilo limetolewa kwenye shabaha, na picha itaonyesha shimo lisilokuwepo.

Kuhusu pengo tuliloahidi kulirudia: darubini ya James Webb huishia mikromita 28 hivi. Herschel, iliyokuwa ikiona mbali zaidi, iliishiwa heliamu mwaka 2013. Baada ya SOFIA, infraredi ya mbali imebaki kwa maputo yanayoruka majuma machache. Vumbi la kuzaa nyota hung'aa zaidi kwenye masafa hayohayo.

15 Mei 2024

Nyongeza, kwa kuwa ni jirani wa banda lilelile la Palmdale. DC-8 ya NASA, N817NA, iliyojengwa 1969 na kuanza utafiti wa anga 1987, imeruka mara ya mwisho kwenda Pocatello, Idaho. Mwaka ule wa kwanza ilitumwa Punta Arenas, Chile, kupima tundu la ozoni juu ya Antaktika. Kazi yake ya mwisho, mapema mwaka huu, ilikuwa ubora wa hewa barani Asia.

Haikwenda kwenye maonyesho. Imepewa Chuo Kikuu cha Idaho State, wanakofundishwa mafundi wa matengenezo ya ndege. Madirisha yake mengi yalibadilishwa kuwa mabamba ya alumini yenye mirija ya kuvuta sampuli za hewa, na kila bamba ni kiraka kilichopaswa kubeba shinikizo la kabati kama ganda la asili. Mwanafunzi atakayepewa tochi na kioo cha mkono ataanzia hapo: kingo za mabamba, mashimo ya ribiti, muhuri mmoja baada ya mwingine.